Mfumo unasema amemaliza asilimia 96, mtihani unasema 31

*“Habari za kazi, mwalimu. Nina kijana wa kidato cha pili katika shule ya binafsi ya kutwa hapa Morogoro. Tangu Januari shule imeleta utaratibu wa kusoma kwa mseto. Mchana wanaingia darasani kama kawaida, ila masomo ya jioni na ya Jumamosi yamehamia kwenye mfumo wa Moodle. Kuna video, notsi na majaribio, na mada nyingine mwalimu anawaambia waanze kuzisoma nyumbani kabla hajazifundisha. Kila mwisho wa mwezi tunatumiwa ripoti. Ya mwisho inaonyesha amekamilisha asilimia 96 ya kazi za fizikia, na majaribio yake ni 90 na 100. Mtihani wa katikati ya muhula kapata 31. Nilipouliza nikaambiwa kila kitu kipo kwenye mfumo, mtoto ndiye haweki juhudi. Simu ni yangu. Nikirudi kutoka dukani saa tatu usiku ndipo anaichukua mpaka saa tano na nusu, na asubuhi anaamka saa kumi na moja kuwahi basi la shule. Namwona anasoma kweli, hachezi. Bando la elfu tatu halimalizi siku mbili. Baba yake anasema tumnunulie kishikwambi. Dada yangu anasema nimhamishe, nimpeleke shule isiyo na mambo ya mtandao. Mimi nimeanza kuamini labda mtoto ni mzito. Novemba ana upimaji wa taifa. Nifanye nini?”*

Mama, nianze na neno lililonichoma kwenye barua yako, kwamba umeanza kuamini kijana ni mzito. Katika yote uliyoniandikia sijaona hata kitu kimoja kinachothibitisha hilo. Ninachokiona ni mtoto anayeketi na kazi yake zaidi ya saa mbili kila usiku, halafu namba mbili zinazogombana, na watu wazima wanaomzunguka wakiwa wameshaamua kosa ni la nani. Nimefundisha fizikia miaka mingi, na baadaye nikawa nasaidia shule kuweka mifumo ya aina hii. Mgongano huu wa namba nimekutana nao mara nyingi. Zote mbili zinaweza kuwa za kweli, kwa sababu zinapima vitu viwili tofauti.

Tuichukue kwanza hiyo 96. Ndani ya Moodle kila kazi anayoiweka mwalimu ina kisanduku kidogo kinachopata tiki pale kazi inapohesabiwa kuwa imekamilika. Anayeamua ikamilike lini ni mwalimu, siku ile anapoiweka. Anaweza kuweka sharti kwamba mwanafunzi abofye mwenyewe kusema amemaliza. Anaweza kuweka tiki ijitokeze ukurasa unapofunguliwa tu. Anaweza pia kuizuia isitokee mpaka mwanafunzi afikishe alama ya kufaulu. Masharti haya yanatofautiana sana, lakini mwisho wa mwezi yote yanamwagwa katika asilimia moja na kutumwa kwa mzazi. Mwalimu mwenye mikondo minne na madaftari ya kusahihisha huchukua sharti la haraka, yaani la kwanza au la pili. Simlaumu, maana mara nyingi hakuna aliyeketi naye kumweleza tofauti.

Kwa hiyo kama video ya dakika ishirini imewekewa sharti la kufunguliwa tu, mfumo haujui kama mtoto aliitazama yote, aliirusha mbele, au ilikwama dakika ya tatu bando lilipokata. Tiki ni ileile. Asilimia 96 yaweza kuwa na maana kwamba kijana wako amefungua milango 96 kati ya 100. Ni ushahidi wa utiifu, na utiifu wake nausifu. Ushahidi wa kuelewa hauko pale.

“Sawa,” utaniuliza, “na hizo 90 na 100 za majaribio?” Jaribio la Moodle likiachwa kama lilivyokuja, bila mwalimu kugusa mpangilio wake, humruhusu mwanafunzi kulirudia bila kikomo, na alama inayoingia kwenye ripoti ni ya juu kuliko zote alizopata. Mara nyingi pia jibu sahihi huonyeshwa mara tu anapowasilisha. Mtoto akianza na 30, akaona majibu, akarudia akapata 70, akarudia tena akapata 100, ripoti itasema 100. Niliwahi kuketi na mvulana mmoja wa kidato cha pili aliyekuwa na 100 kwenye jaribio la mashine rahisi. Nikamwandikia swali lilelile kwenye karatasi, nikabadilisha namba tu. Akalitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwa unyoofu kabisa, “Mwalimu, hili jibu lake lilikuwa la tatu.” Alikuwa amejifunza kitu kweli. Alijifunza jibu liko mahali gani. Hakuna aliyemwambia kwamba hicho sicho kilichotakiwa, na 100 aliyoipata ilimthibitishia kwamba yuko sawa.

Je, huo ni uvivu, au ni udanganyifu? Mimi sioni hivyo, na sababu ni namna kumbukumbu ya binadamu inavyofanya kazi. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya habari wavisome. Kifungu kimoja walikisoma, kisha wakakisoma tena. Kingine walikisoma mara moja, wakakifunika, wakaandika kila walichokikumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, kifungu walichokisoma mara mbili ndicho walichokikumbuka zaidi, asilimia 81 kwa 75. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Cha kusoma mara mbili walibaki na asilimia 42, na kile walichojilazimisha kukikumbuka walikuwa na 56.

Tazama hapo mtego ulipo. Njia inayokupa raha ya kujua usiku huu ndiyo inayokutupa wiki ijayo. Video nzuri ya fizikia ni tamu namna hiyo. Mwalimu anakokotoa taratibu, kila hatua inaingia akilini, unaitikia kwa kichwa. Ni kama kumtazama mtu akisukuma chapati. Mviringo unatoka mikononi mwake bila taabu, ukija kushika mpini mwenyewe unapata ramani ya Afrika. Kijana wako anapotazama video saa nne usiku anaelewa kweli, hajidanganyi. Ila kuelewa wakati mwenzako anafanya ni jambo moja, na kulitoa kichwani peke yako siku kumi baadaye, mbele ya karatasi nyeupe, ni jambo jingine kabisa. Katika darasa la kawaida mwalimu humlazimisha mtoto kulifanya hilo la pili bila hata kukusudia. Anamnyooshea kidole, anamwita ubaoni, anampitia dawatini na kukuta hajaanza. Masomo ya jioni yakihamia kwenye simu, kazi hiyo hupotea kimyakimya isipokuwa mtu aipange upya.

Kuna jambo la pili, na hili ni letu hasa hapa Tanzania. Huyu mtoto, kama alipita shule ya msingi ya Kiswahili, alisoma wenzo. Anajua egemeo, mzigo na jitihada. Anajua mkasi ni wenzo daraja la kwanza kwa kuwa egemeo liko katikati, na toroli ni daraja la pili kwa kuwa mzigo ndio uliokaa katikati. Kisha akaingia sekondari, na kila kitu kikabadilishwa jina. Sasa anakutana na “lever”, “fulcrum”, “load” na “effort”, tena midomoni mwa mtu anayeongea haraka kwenye video ambayo pengine ilitengenezwa nchi nyingine kwa watoto waliokua na lugha hiyo. Darasani mwalimu wetu anajua la kufanya. Anasema sentensi kwa Kiingereza, anaona macho yamekufa, anaisema tena kwa Kiswahili, anarudi kwenye Kiingereza. Video haioni macho ya mtu. Taarifa za Baraza la Mitihani kuhusu namna wanafunzi walivyojibu maswali zimetaja mara kwa mara udhaifu wa lugha ya Kiingereza miongoni mwa sababu za kukosa maswali ya sayansi. Basi kabla hujasema mtoto hajui fizikia, muulize wenzo ni nini, kwa Kiswahili. Akikujibu vizuri, umegundua kwamba tatizo lake kubwa ni jina la kitu, na jina hufundishika kwa wiki chache.

Na kuna jambo uliloligusa ukalipita, ambalo mimi nililisoma mara mbili. Analala saa tano na nusu, anaamka saa kumi na moja. Kijana wa umri wake anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na wako hafikishi hata 6. Usingizi si muda uliopotea. Ndio wakati ubongo unapanga na kukaza yale yaliyoingia mchana. Mtoto anayeongeza saa moja ya video kwa kukata saa moja ya usingizi anaweza kutoka na kidogo kuliko alichoingia nacho, kisha kesho yake akasinzia katika kipindi kile ambacho mwalimu yupo, yaani sehemu bora kuliko zote za siku yake. Kama katika jibu hili lote utabadilisha kitu kimoja tu wiki hii, badilisha hiki. Simu izimwe saa nne usiku, hata kama kazi haijaisha.

Sasa, je, huu mseto wenyewe ni mbaya? Dada yako anadhani hivyo, na namwelewa, lakini sikubaliani naye. Wizara ya Elimu ya Marekani ilitoa mwaka 2010 mapitio ya tafiti nyingi zilizolinganisha ufundishaji wa mtandaoni, wa ana kwa ana na wa mchanganyiko. Kwa wastani, waliosoma kwa mchanganyiko walifanya vizuri kuliko waliosoma darasani pekee. Ila waandishi wenyewe walitahadharisha kwamba mara nyingi wanafunzi hao walipewa pia muda zaidi na nyenzo zaidi, kwa hiyo huwezi kuusifia mtandao peke yake. Tena tafiti zilizohusu watoto wa shule zilikuwa chache, nyingi zilihusu watu wazima na wanachuo. Ninachokichukua pale ni kwamba mseto unaweza kufanya kazi vizuri sana pale nusu mbili zinaposhikana. Anachofanya mtoto nyumbani kinatumika darasani kesho yake asubuhi, na alichokosea darasani ndicho anachopewa jioni.

Kwa maelezo yako, hapo ndipo uzi ulipokatika. “Kila kitu kipo kwenye mfumo” ni sentensi inayonisikitisha kila ninapoisikia. Shule nyingi zilijifunza kuisema mwaka 2020, zilipofungwa kuanzia tarehe 17 Machi na walimu wakajikuta wanatuma chochote walichoweza. Kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni na wengine tarehe 29 Juni, lakini tabia ya kuweka kitu mtandaoni na kukihesabu kuwa kimefundishwa haikuondoka mahali pote. Kabati la vitabu nalo lina kila kitu.

Nyumbani nakushauri hivi, na sitaki kikuongezee gharama kubwa. Jumamosi au Jumapili ukiwa na nafasi, fungueni mfumo pamoja, mpakue notsi za wiki nzima na maswali, mkazichape kwenye steshenari ya karibu. Ukurasa wa karatasi utagharimu kidogo kuliko dakika chache za video, na faida yake kubwa ni kwamba kijana hatakungoja. Anafika nyumbani jioni, wewe uko dukani, tayari ana kazi mkononi. Ukirudi saa tatu, simu anaitumia nusu saa au dakika arobaini kwa kile kisichowezekana kwenye karatasi, yaani video moja na jaribio moja. Saa nne anaizima.

Namna ya kutazama hiyo video nayo ibadilike. Kabla ya kubofya, aandike kwenye daftari maswali mawili matatu anayotegemea video imjibu. Mwalimu akiandika mfano ubaoni na kuanza kukokotoa, kijana asimamishe video, ajaribu mwenyewe, kisha aendelee aone kama wamefika pamoja. Ikiisha, ageuze simu kifudifudi, aandike kila anachokumbuka bila kuchungulia. Atachukia siku tatu za mwanzo, kwa kuwa atagundua anakumbuka machache kuliko alivyodhani. Mwambie mapema kwamba ugumu huo ndio unaomjenga. Mwisho akueleze wewe, kwa Kiswahili, kwa dakika tatu, hata ukiwa unakunja nguo. Huhitaji kujua fizikia. Unahitaji kumwuliza “kwa nini?” mara mbili. Atakapokwama, hapo apige mstari kwenye daftari, na mstari huo aende nao kwa mwalimu. Jaribio la video hiyo asilifanye usiku uleule, alifanye kesho yake au keshokutwa. Na mkubaliane kwamba alama mnayoihesabu nyumbani ni ya mara ya kwanza tu. Akipata 40 mara ya kwanza, mpongeze kwa kukuonyesha 40 ya kweli.

Kuhusu bando, kuna mambo ambayo shule haikukueleza. Kama video zimeunganishwa kutoka YouTube, shusha ubora wake kutoka 720 hadi 240. Maandishi ya ubaoni mara nyingi bado yatasomeka, na itakula sehemu ndogo tu ya ulichokuwa unalipa. Kama video zimepakiwa ndani ya Moodle yenyewe hutaweza kuupunguza ubora, lakini kuna programu ya Moodle ya simu inayoruhusu kupakua faili mara moja na kuzitazama baadaye bila mtandao, hata mara kumi, mradi shule imeiruhusu programu hiyo kuunganishwa na mfumo wao. Pakueni mahali penye mtandao wa bure au wakati wa bando la usiku. Hata majaribio yanaweza kufanywa bila mtandao kupitia programu hiyo, endapo mwalimu ataweka ruhusa. Muombe aiweke.

Shuleni nenda, tena nenda wiki hii, ila usiende kugombana. Anza na mwalimu wa fizikia, kisha mwalimu wa taaluma. Chukua ile karatasi ya 31 na daftari la kijana. Omba kitu kimoja ambacho mfumo unacho na ripoti ya mwisho wa mwezi haikukionyesha. Moodle huhifadhi kila jaribio alilofanya mwanafunzi, alama yake, na dakika alizotumia. Mwambie mwalimu unaomba alama za mara ya kwanza za majaribio yote ya muhula huu pamoja na muda aliotumia. Kwake ni kazi ya dakika chache, kwako itakuwa na thamani kuliko ripoti zote ulizopokea tangu Januari.

Ukiona mwalimu anakusikiliza, mweleze na mengine. Jaribio lirudiwe mara mbili tu, na maswali yachukuliwe kwa bahati nasibu kutoka kwenye hazina ya maswali ili jibu lisiwe “la tatu” kila mara. Tiki ya kukamilisha ifungwe kwa alama ya kufaulu. Video ndefu zikatwe. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2014, uliopitia mara milioni 6.9 ambazo wanafunzi wa mtandaoni walitazama video za masomo, ulikuta kwamba kwa kawaida mtazamaji hakai zaidi ya dakika sita. Na kubwa kuliko yote, dakika tano za kwanza za kipindi cha asubuhi ziwe za maswali matatu, kwenye karatasi, kutoka kazi ya jana yake, simu zikiwa mbali. Hilo halihitaji fundi wala fedha, na mimi ningelipigania kabla ya mengine yote, maana ndilo linaloshona nusu mbili.

Uliza pia chumba cha kompyuta kinafungwa saa ngapi. Shule ambayo haitaki simu mikononi mwa wanafunzi mchana lakini inazitegemea simu za wazazi usiku ina wajibu wa kuacha chumba hicho wazi walau saa moja na nusu baada ya vipindi. Kama mtandao wao ni hafifu, kuna Kolibri, mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti. Kompyuta moja hubeba masomo, nyingine zinaunganishwa nayo humohumo shuleni bila kununua bando. Haulipiwi. Kwa mtaala wetu kuna pia Shule Direct, na vitabu vya kiada viko kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Kishikwambi je? Mume wako hajakosea kufikiria hivyo. Kioo kikubwa husaidia, na mtoto asingekungoja hadi saa tatu. Lakini kifaa kipya hakibadilishi sharti la tiki wala hakimlazimishi mtu kukumbuka. Mtoto atabofya kwa urahisi zaidi na bando litaisha mapema zaidi, tena saa ambazo hakuna mtu mzima nyumbani. Kwa sasa ningeziweka fedha hizo kwenye karatasi za kuchapa, maswali ya miaka iliyopita, na zile taarifa za uchambuzi wa majibu ya upimaji wa kidato cha pili ambazo Baraza la Mitihani huziweka wazi kwenye tovuti yake kwa kila somo. Wazazi wengi hawajui kama zipo. Humo unaona swali, jibu zuri la mwanafunzi, jibu baya, na maelezo ya kwa nini wengi walikosea. Kijana akizipitia pamoja na mwalimu wake atapata mengi kuliko kwenye kifaa chochote. Shule ikishabadilisha utaratibu wake, mzungumze tena habari ya kishikwambi.

Kumhamisha nisingekushauri mwaka huu. Mtoto akishasajiliwa kufanya upimaji mahali fulani, kumng'oa katikati ya mwaka kuna usumbufu mkubwa, na shule mpya itakuwa na matatizo yake. Tuisheni ni nzuri ikiwa ni mwalimu na watoto wanne au watano ambao anaweza kuona daftari la kila mmoja. Ya watoto sitini kwenye banda moja ni video nyingine, tofauti yake mwalimu anatoka jasho. Na hiyo 31, ingawa inaumiza, kwa viwango vya upimaji ni D, maana F huishia 29. Yuko ukingoni, hajaanguka. Kutoka 31 kufika 45 ya C ni safari ninayoiona ikifanyika kwa miezi michache watoto wakianza kujipima badala ya kutazama.

Kuna hali ambazo ushauri wa kuandikiana hautoshi, na ningependa uzitazame kwa jicho la mama. Kama anaisogeza simu karibu sana na uso, analalamika kichwa, au ananakili vibaya kutoka ubaoni, mpeleke kliniki ya macho kabla ya tuisheni yoyote. Mpe ukurasa mmoja wa Kiswahili ausome kwa sauti. Kama anakwama hata hapo, anaruka maneno au anabahatisha, hilo linahitaji mwalimu wa kuketi naye uso kwa uso, na shule isilifiche nyuma ya mfumo. Kama amebadilika, haongei, hali vizuri, anaogopa kwenda shule, mwone mwalimu wa ushauri nasaha mapema. Na kwa kuwa mfumo wenye sehemu ya kutumiana ujumbe humfungulia mtoto mlango wa watu wengine, kama kuna mtu yeyote, hata akiwa mkubwa shuleni, anayemwandikia usiku kwa siri au kumwomba picha, usifute ujumbe huo. Hifadhi ushahidi, piga namba 116 ya huduma ya simu kwa watoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi.

Ukishapata ile karatasi ya alama za mara ya kwanza, isome hivi. Alama zikiwa chini na muda ni dakika mbili tatu kwa maswali kumi, kijana alikuwa anabofya ili aone majibu, na ule utaratibu wa nyumbani ndio dawa yake. Alama zikiwa chini na muda ni mrefu, alikuwa anahangaika peke yake na hakuna aliyemwona. Huyo anahitaji mwalimu amrudishie mada tangu mwanzo, kwa lugha zote mbili. Alama zikiwa juu tangu mara ya kwanza na muda ni wa kutosha, basi anajua zaidi ya 31, na tutatafuta kilichotokea siku ya mtihani, iwe ni Kiingereza cha maswali ya kujieleza, usingizi, au hofu. Niandikie ukishaiona.